Fulana Mbili za Patroni Moja

Kila ninaponunua viatu vipya hapa mjini Kasese, huitoa kwanza ile karatasi nyepesi ya ndani ya boksi na kuifinyangafinyanga karibu na sikio. Wanangu hunicheka. Hawajui kwamba mchakarisho wake hunirudisha Bwera, kwenye mkeka wa sebuleni, nilikokaa wiki nzima nikimchunguza mama yangu kana kwamba ni mwizi wa kuku.

Mama alikuwa mtu wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, na alishona sare za shule na vitenge kwa cherehani ya kukanyaga. Siku moja alirudi kutoka kwenye mitumba ya Mpondwe na bahasha yenye picha ya msichana wa Kizungu aliyevaa fulana ya mikono mirefu. Ndani mlikuwa na karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, imejaa mistari, mishale na nukta. Aliiita patroni, kiolezo cha kukatia nguo. Akatoa pia kitambaa cha kuvutika, rangi ya damu ya mzee, akasema atanishonea fulana ya baridi. Nilifurahi, kisha nikakitazama kile kitambaa vizuri. Kilikuwa kingi mno kwa mtoto mmoja mwembamba, na mtoto katika nyumba ile nilikuwa mimi peke yangu.

Patroni ilikuwa na saizi zote humohumo, kila moja na mstari wake, nawe ulitakiwa kukata mstari wa mtoto wako. Mama hakukata. Aliitandaza juu ya karatasi za mifuko ya saruji, akaufuata mstari wangu kwa ncha ya pini mpaka matundu yakatokea chini. Kisha, alipodhani nimesinzia, akaufuata na mstari mwingine, mkubwa kuliko wangu. Nikamuuliza huo ni wa nani.

"Iko yako ya mwaka kesho," akasema.

Sikumwamini hata kidogo. Nguo yangu ya Krismasi yenyewe ilimalizwa kengele za kanisani zikilia. Tangu lini mama akashona ya mwaka kesho?

Mengine nayo hayakukaa sawa. Baba alilima mpunga Mubuku na kwa kawaida alirudi mara mojamoja. Sasa alirudi kila baada ya siku chache, na nyama mkononi, akiongea kwa upole ambao sikuuzoea, na mama akimjibu neno mojamoja. Mama alikuwa amekwenda Muhokya kwenye mazishi ya kikongwe nisiyemjua, na tangu hapo aliikanyaga cherehani kama iliyomtukana. Kisha likaletwa godoro jipya. Nikajumlisha yote, nikapata jibu: nitapelekwa Butembo kwa bibi, na msichana mwingine, mkubwa kunizidi, atachukua nafasi yangu kwa mama. Chakula kikanishinda.

Mama naye alikuwa na mashaka yake, ila aliyoyaonyesha yalikuwa juu ya patroni. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, naye alisoma kwa Kifaransa, kwa hiyo mimi ndiye nilimsomea. Yalisema ukanda wa shingo ukatwe mfupi kuliko tundu la shingo, kisha uvutwe wakati wa kushona.

"Hii karatasi iko nadanganya mutu," alisema. "Kichwa ya mutoto itapita wapi?"

Akakata ukanda mrefu, akanishonea yangu kwanza. Nilipoivaa, shingo ilikuwa imepanuka na kujikunja kama jani la kabichi, bega likichungulia nje. Mshono wa ubavuni ukakatika, kwa kuwa uzi haukuvutika pamoja na kitambaa. Mama akacheka, kisha akakitazama kitambaa kilichobaki.

Kwenye ya pili aliitii karatasi. Aliukata ukanda mfupi, akauvuta kidogo kwa mikono miwili, mbele na nyuma ya sindano, akikanyaga polepole. Shingo ikalala vizuri. Sikuruhusiwa hata kuijaribu. Nilimchukia msichana ambaye sikuwa nimemwona bado.

Alikuja Jumapili, nyuma ya baba, ameshika mfuko wa nailoni. Mama akaniambia bila kuzunguka kwamba huyu ni dada yangu. Baba alimzaa Muhokya kabla ya kumwoa mama, na kikongwe aliyezikwa kule ndiye bibi mzaa mama aliyemlea. Mama mwenyewe alikuwa hajui habari zake hadi msiba ule. Aliitwa Masika kama mimi, kwani kwetu hilo ni jina la binti wa kwanza, naye alikuwa wa kwanza kwa mama yake.

Mama akampa ile fulana nzuri. Dada hakuivaa. Aliikagua mishono yake, akanitazama mimi na shingo yangu ya kabichi, kisha akamtazama mama.

"Mama, hii nitarudisha siku gani?"

Baba akatazama chini.

"Hapana rudisha," mama akamjibu. "Kwa maziko nilikukumbatia. Mikono yangu ndio ilikupima."

Akaivaa, ikamkaa sawasawa. Jioni nzima aliushika upindo wake, kama anayeogopa mtu ataivuta.

Asubuhi nilimuuliza mama kwa nini mbovu ni yangu. Alikuwa akimimina chai, wala hakuinua macho.

"Weye uko wangu. Utakasirika, kisha utaomba chai."

Nilikasirika. Kisha nikaomba chai, jambo lililoniudhi zaidi.

Imenichukua miaka mingi kulielewa jibu lile. Mumewe alikuwa amemficha jambo kubwa, na hasira yake mama aliimalizia kwenye kanyagio la cherehani. Haikufika kwenye fulana ya yule mtoto. Mtoto anayeuliza nguo atairudisha lini, ukimpa yenye shingo mbovu atadhani amepewa iliyokataliwa. Makosa ya kujifunzia yalipaswa kumwangukia mtu, na mama akanichagua mimi. Wiki nzima nilikuwa nimemshuku kwa kila kitu, kumbe katika nyumba ile mimi ndiye pekee ambaye yeye hakuwa na shaka naye.