Dawa Iliyopimwa kwa Ulimi

Dada yangu mkubwa hakuwahi kumiliki mizani. Dawa aliipima kwa ulimi. Alikata mashina ya ule mmea wa kutambaa uliofunika ukuta wa nyuma, akayachemsha kwenye sufuria nyeusi, akawa anaonja kwa ncha ya kijiko. Uchungu ukifika pale alipoutaka, anaepua. Ukipita, anaongeza maji. Wagonjwa wa homa walijaa kibarazani, naye akiwatania: "Kunywa, baba. Ingekuwa tamu ungeomba na mkate."

Baadaye nilisoma kwamba uchungu ule ni alkaloidi, kemikali kali ya mimea, na kwamba kitu kile kile kinachotuliza homa, kikizidi, kinakula ini. Siku hizi watu hununua dukani unga wa mmea kama ule ndani ya vidonge visivyo na ladha, wakavibugia kama karanga. Haonji mtu.

Mwaka mmoja mafua mabaya yalimlaza dada. Alipoinuka, ladha ilikuwa imemtoka mdomoni. Alilificha jambo hilo, kwa aibu. Mumewe, fundi viatu, alipopata homa, alimchemshia kama kawaida. Akaonja: maji matupu. Akaongeza mashina. Akaonja tena, akaongeza.

Shemeji alikunywa asubuhi na jioni. Macho yakageuka manjano, mkojo ukawa kama chai iliyokolea. Hospitalini daktari aliuliza amekunywa nini.

"Dawa yangu," dada akajibu. "Ile ile ya siku zote."

Dada alipotoka kwenda kutafuta maji ya kunywa, niliinama kitandani kwa shemeji.

"Hukusikia ni kali?"

"Shemeji, ilinitoa machozi. Kama nimemeza gundi ya viatu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nini? Alikaa pale ananitazama kama mtoto anayesubiri majibu ya mtihani. Tangu nimuoe sijamrudishia kikombe." Akajaribu kucheka, ikawa kikohozi.

Ini lilikufa, naye akalifuata.

Tulipotoka makaburini dada alinivuta jikoni. Sufuria ilikuwa bado juu ya mafiga, imefunikwa.

"Onja."

"Dada, achana nayo."

"Onja, mdogo wangu. Mimi tangu yale mafua hata chumvi siisikii."

Nilichovya kidole. Nilikusudia kumeza nikiwa nimetulia usoni, ili apate hata usingizi wa usiku huo. Koo likakataa. Nikatema kwenye majivu, nikashika ukuta, machozi yakinitoka. Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Alikunywa vikombe vyote," alisema. "Na kila kimoja akaniambia ahsante."

Hakulia. Alichukua kisu chake, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kuukata ule mmea kutoka chini kabisa, shina moja baada ya jingine. Jirani mmoja akaingia uani na mtoto mgongoni, anachemka homa.

"Mama, nimekuja kuomba ile dawa."

"Nenda dukani," dada akasema, bila kugeuka.