Fungu la Mama Mkwe

Pale Nyambureti, Bhoke mke wa Simioni anajulikana kwa kuwachelewesha watu kula. Ukifika kwake na njaa yako, na nyama ya jana ipo, usidhani utapakuliwa upesi. Ataikata vipande vidogo, ataongeza maji, atachochea kuni mpaka mchuzi utokote, kisha atapasua kipande kinene aone kama mvuke unatoka ndani. Ukilalamika atakuacha ulalamike. Ikibaki tena baada ya hapo inaenda kwa mbwa, na kwa watu wa huku, wanaoiheshimu nyama, jambo hilo lilichukua muda kuzoeleka. Wapo wanaomcheka. Hao ni waliohamia juzi, hawakuwepo mwaka ule alipofariki Mama Teresia.

Teresia alikuwa mama mkwe wake, na tuseme ukweli, wakwe wa namna ile hawapatikani kila nyumba. Bhoke aliolewa akiwa hana mama. Mama mkwe huyo ndiye aliyemfundisha kusonga ugali wa mtama ukashika, ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto alipojifungua. Kwa hiyo jirani yao Scholastica alipochinja ng'ombe kwa kipaimara cha mwanawe, na Mama Teresia yuko Tarime kumwona mgonjwa, Bhoke hakukubali kurudi mikono mitupu. Aliomba fungu la mkwe wake, nyama laini isiyo na mfupa, akalibeba likiwa limeshapikwa.

Hapo ndipo upendo ulipomponza. Mama mkwe aliachwa na gari, hakurudi siku ile. Bhoke hakutaka ale nyama ya baridi, wala hakutaka kuichemsha tena ikakauka, maana meno ya mama yalikuwa yamebaki machache. Akaiweka kwenye chungu, akakifunika, akakisogeza kando ya mafiga penye majivu ya moto, na hapo kikakaa vuguvugu mpaka mchana wa siku ya pili. Kila alipopita alikigusa kwa kiganja, akaridhika. Mama alipofika alikula yote.

"Umenitunza, mwanangu," alimwambia.

Jioni ile ile tumbo likamkamata. Alitapika na kuharisha mpaka sauti ikapotea. Kulipokucha walimfikisha zahanati kwa bodaboda, Bhoke amemshikilia kwa nyuma. Nesi Jenipha alimtundikia dripu huku akimuuliza Bhoke mama alikula nini na kilitunzwaje, na Bhoke akaeleza bila kuficha. Nesi hakumkaripia. Alimwambia taratibu kwamba joto lile la vuguvugu ndilo vijidudu wanalolipenda, kwamba nyama ilipaswa ipozwe upesi na kuwekwa penye baridi, kisha ichemshwe sawasawa kabla ya kuliwa. Mama Teresia hakuinuka tena kwenye kitanda kile.

Simioni na ndugu zake hawakuyasikia maneno ya nesi. Walichosikia ni kimoja tu, kwamba nyama ilitoka kwa Scholastica. Kaburi halijachimbwa, tayari neno sumu liko midomoni. Ugomvi wa zamani wa ng'ombe walioingia kwenye mtama, ambao kila mtu alikwisha kuusahau, ukakumbukwa. Marwa, mdogo wake Simioni, akasema Scholastica ahame kabla vijana hawajamfikia na viberiti.

Bhoke aliyasikia hayo akiwa jikoni. Akinyamaza, anabaki mke mwema aliyefiwa na mkwe. Akisema, anakuwa mwanamke aliyemuua mama yao. Mimi siwezi kumlaumu mtu kwa kusita mahali kama hapo. Alisita mpaka maziko yakaisha.

Familia ilipoketi, alitoka jikoni bila kuitwa, akapiga magoti mbele ya wanaume.

"Nyama ya Scholastica ililiwa na kijiji kizima, hakuna aliyeumwa," alisema. "Mimi ndiye niliyeikalisha kwenye majivu. Muulizeni nesi. Mama amekufa kwa chungu changu."

Marwa aliinamisha kichwa. Simioni alikwenda zizini, akasimama katikati ya ng'ombe wake akilia. Hakumpiga, hakumfukuza, wala hakumsemesha.

Kesho yake waombolezaji walikuwa bado wamejaa uani. Nyama ya msiba iliyobaki, Bhoke alikuwa ameitandaza kwenye masinia ipoe haraka, kisha akaomba nafasi kwenye friji la duka la Nikolaus, kati ya chupa za soda. Sasa aliirudisha, akaibandika motoni. Wanawake waliopika naye jana walikuwa wamehamia upande wa pili wa uwanja. Hakuna aliyeleta sahani. Alikoroga peke yake, na machozi hayakusubiri moshi.

Ndipo Scholastica akaingia, ameshika sahani aliyotoka nayo kwake. Aliwasalimia wote, akapita katikati yao, akavuta kigoda mpaka jikoni. Akainyoosha sahani, watu wote wakitazama.

"Nipakulie, mwanangu."

Bhoke alitamani kupakua pale pale, kabla mama huyu hajabadili nia. Alichungulia sufuria. Mchuzi ulikuwa unachemka pembeni tu.

"Subiri kidogo, mama," alisema. "Katikati bado."

Scholastica akaiweka sahani magotini, akasubiri.