Plafon Iko Chini

Juzi, kwenye gishe, dirisha la benki, hapa Likasi, mbele yangu alisimama mama wa mtaa wa Panda, muuza vitambaa, mfupi, mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Bila kadi ya mkopo, mzigo wake wa sikukuu hautoki Dubai.

"Mama, kadi ile uliomba wamekatala," karani akasema. "Lakini wanakupa ingine. Plafon yake njo iko chini."

Mama akatazama juu. Nyumbani kwetu plafon ni dari. Kwa benki ni kiasi ambacho deni halivuki.

"Papa, miye niliomba kadi. Nyumba niko nayo!"

Tulicheka hadi mlinzi akashika mkanda wake. Karani akanyoosha kiganja usawa wa kifua: deni linaishia hapa.

"Nikilipa muzuri, itapanda?"

"Itapanda, mama."

Mama akakisogelea kiganja, akajipima nacho, akafikiri.

"Leta! Miye niko mufupi, nitaingia. Bwana yangu njo murefu. Yeye abakie inje!"

Watu wa benki wamenieleza riba mpaka nikasinzia, ila hakuna aliyewahi kunishauri nitafute mkopo ambao mwenzangu hawezi kusimama ndani yake.