Jino la Mbele na Darasa la Kwanza

Niliamini kabisa, tena kwa miezi, kwamba mtoto aking'oka meno ya mbele kabla hajajua kusoma, basi hatasoma tena mpaka aote ndevu. Na akiwa wa kike, ndiyo imekwisha hivyo.

Maneno hayo niliyapata kijiweni Tandika kwa muuza kahawa, mtu mzima mwenye kanzu safi na sauti ya taratibu. Mtu wa namna ile akikwambia bahari imehamia Kinyerezi, wewe utauliza tu imepita barabara gani. Alinieleza kwamba herufi inapotamkwa hugonga ukuta wa meno, kisha hurudi ndani na kukaa kichwani. Ukuta ukiwa na pengo, herufi inatoka nje na kupotelea hewani. Nikayameza na kahawa, nikaomba kikombe kingine.

Ningeweza kubisha, lakini ushahidi wenyewe ulikuwa mie. Nilikuwa kibogoyo mapema kuliko wenzangu wote mtaani, na darasa la kwanza nililimaliza kwa kukariri ubao, nikiimba kwa sauti kubwa kuliko mwalimu ili asinishtukie. Herufi nimekuja kuelewana nazo ukubwani, kwenye masomo ya jioni, nimejibana kwenye dawati la watoto huku magoti yakinigusa masikio. Cheti cha kidato cha nne na mvi ya kwanza vilinifikia pamoja. Nilikitembeza cheti kile Temeke nzima, hadi kuku wa majirani wakawa wanakifahamu.

Kwa hiyo Januari ile, binti yetu wa kwanza alipoanza darasa la kwanza, na mie nikaona asubuhi moja jino lake la mbele linacheza kila akitafuna chapati, moyo wangu ulishuka ukafika kwenye kandambili. Nikajiambia huyu lazima asome kabla jino halijadondoka. Sikutaka aje kukaa kwenye dawati la watoto akiwa na watoto wake.

Nikatoa amri, na sababu nikaieleza mbele ya mtoto. Muwa marufuku ndani ya nyumba. Mahindi ya kuchoma, kashata, ubuyu, bisi, vyote marufuku. Mtoto akawa anakula uji, ndizi na wali uliopikwa ukapondeka. Mke wangu, ambaye kwao ni watu wa pwani hii hii tangu enzi na enzi na hawana haraka na jambo lolote, alinitazama kama mtu anavyotazama paa linalovuja, akijua fundi hayupo. Mama mkwe alipokuja kututembelea aliangalia sahani ya mjukuu wake, akaniuliza kwa upole kabisa kama yule mtoto namlea au namuuguza.

Lakini jino lilikuwa nusu tu ya uchovu. Hakuna aliyenionya kwamba darasa la kwanza huanzwa na nyumba nzima. Tulikuwa tunaamka kabla ya adhana. Soksi moja ilikuwaga haipo, siku zote, na ukiipata hiyo ile nyingine inakuwa imeondoka. Sweta linatoka asubuhi likiwa letu, linarudi mchana likiwa la mtoto wa mtu mwingine, lina mikono miwili isiyolingana. Penseli sijui walikuwa wanazila. Ukimuuliza mtoto leo umejifunza nini, unaambiwa mwenzangu katapika. Ukimwambia namba nane haiandikwi hivyo, anakujibu mwalimu kasema, na hapo hata uwe waziri, kesi imefungwa.

Akitoka shule anakula, anabadilisha nguo, anakwenda chuoni kusoma Kurani. Akirudi chuoni ananikuta mie. Nami natoka Kurasini, kwenye yadi ya makontena, nimekula vumbi la mji mzima na masikio bado yanasikia malori yakirudi nyuma. Tunakaa barazani kwenye mkeka, nafungua kitabu, tunaanza. Ba, be, bi, bo, bu. Anapofika bo anapiga mwayo, bu inatokea humo humo ndani ya mwayo. Mie nami napiga mwayo. Paka akipita naye anapiga mwayo. Nikimwona kichwa kinaanguka namnyunyizia maji usoni, namwambia twende tena, mwanangu. Hakuwa anabisha. Alikuwa anajifuta maji kwa kiganja na kurudi kwenye ba.

Kabla ya kumruhusu aondoke, nalitikisa jino kwa kidole, kama tunavyokagua kamba ya mzigo pale yadi. Kila siku lilikuwa limelegea zaidi, na kila siku herufi zilikuwa zile zile. Alizozisoma jana, leo anazitazama kama wageni waliokuja bila taarifa. Mke wangu akasema mtoto amekonda. Nikamwambia atanenepa akishajua kusoma.

Jioni moja binti alirudi kimya. Nikafungua kitabu, hakusema ba wala be. Nikamhimiza, akatikisa kichwa na midomo kaibana. Nikamwambia fungua mdomo. Alipoufungua nikaona pengo, jekundu, dogo, saizi ya punje ya mchele. Jino lenyewe alikuwa amelifumbata mkononi tangu mchana, kiganja kimelowa jasho.

"Baba," akasema, "sasa mie sisomi tena?"

Nikafunga kitabu. Mama mkwe, aliyekuwa bado yupo kwetu, ndiye aliyemshika mkono wakatoka uani, akamfundisha kulirusha jino juu ya bati na kumwomba kunguru amletee jipya, kama watoto wa kwao walivyofanya siku zote. Nilisikia jino likigonga bati, nikamsikia mtoto akirudia maneno ya bibi yake. Alikuwa anamwomba kunguru afanye haraka.

Asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikavaa shati nililopokelea cheti, nikaenda shuleni. Nilishakata shauri. Nilitaka binti arudishwe chekechea asubiri meno mapya, aje aanze upya na ukuta uliokamilika, kuliko apite darasa la kwanza kwa kuimba ubao kama mie.

Mwalimu wake nilimkuta mlangoni, ameinama anamfunga mtoto kamba za viatu. Mwanamke wa makamo, chaki hadi kwenye nyusi, sauti imekauka kwa kupigana na darasa lisilo na mwisho. Nilimwona nikajua kuna watu wamechoka kunizidi. Nikamweleza yote, ukuta wa meno, herufi zinavyotoka nje, na historia yangu mwenyewe kwa kirefu, hadi magoti na masikio. Alisikiliza mpaka kamba za viatu vyote viwili zikaisha. Hakucheka. Alisimama, akawageukia watoto.

"Msalimieni mgeni."

Wakainuka kwa kishindo, madawati yakalia. "Shikamooo mgeniii."

Midomo yote ilifunguka kwa pamoja, na mie nikasahau kuitikia marahaba. Mapengo matupu. Pengo la juu, pengo la chini, mmoja hana ya mbele yote, mwingine jino limebaki linaning'inia kama taa ya barabarani iliyogongwa na lori. Mwalimu akamnyooshea kidole huyo asiye na ya mbele yote, akamwambia asome ubaoni. Mtoto akasoma mstari mzima bila kusita, upepo ukipuliza katikati ya maneno, kisha akakaa na kuendelea kutafuna kola ya shati lake.

Binti yangu alikuwa dawati la nyuma. Hakusimama na wenzake. Alikuwa amelaza shavu juu ya daftari, mdomo wazi, amelala usingizi wa watu wazima.

"Ndivyo anavyokuwa kila siku, kuanzia kipindi cha kwanza," mwalimu akasema. "Mnamwamsha saa ngapi? Na jioni anafanya nini?"

Nikamwambia. Nilipofika kwenye maji ya usoni, sauti yangu ilishaanza kupungua yenyewe. Mwalimu akapangusa chaki mikononi, akanijibu polepole, kama anavyowajibu wale wadogo.

"Baba, watoto wote wa umri huu wanang'oka meno, na wanasoma. Meno hayahusiani na kusoma hata kidogo. Mwanao amechoka. Mwacheni alale."