Tom Collins wa Migosi

Kwa miaka ishirini na miwili Gordon Walubengo alichanganya vinywaji katika baa ya hoteli moja ya Kisumu, kando ya ziwa, na hakuna siku aliyolamba hata tone. Kanisa lake lilikataza, na mkewe Metrine, mwenyekiti wa akina mama kanisani, alimnusa kila jioni kabla hajavua viatu. Basi Walubengo alifanya kazi kwa pua na masikio. Harufu ilimwambia limau limetosha, na mlio wa barafu ulipobadilika alijua ametikisa vya kutosha. Wageni waliapa kwamba Tom Collins wake, kileo cha jini, limau, sukari na soda, hakuwa na mfano.

Alipostaafu mwaka 1992, meneja alimzawadia chupa ya jini. Walubengo aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kabatini nyumbani Migosi, nyuma ya sahani za wageni, jinsi wengine wanavyotundika cheti ukutani.

Ilikaa huko miaka minne. Jumamosi moja ya Agosti, wazazi wa kijana aliyetaka kumwoa Jentrix, binti ya Walubengo, wakaja kutoka Otonglo. Baba wa kijana, Mzee Zadock Oketch, alikuwa mkubwa wa mwili na wa sauti. Aliketi, akasalimia, akakataa chai.

"Baba Jentrix," alisema, "ile kitu ulikuwa unawatengenezea wazungu, leo na mimi nionje. Ama mkono wako ni wa wazungu peke yao?"

Ungemkataliaje mkwe? Walubengo alimtuma Jentrix kwa Apiyo, mama aliyeuza samaki, akalete barafu. Ilikuja ikinuka mbuta, samaki wa ziwani, akaisuuza mara tatu. Limau alichuma kwa jirani, soda ilitoka dukani, na cha kutikisia kikawa mkebe wa kakao wenye kifuniko kinachobana. Alining'iniza kitambaa cheupe mkononi. Hata mgongo ulinyooka wenyewe.

Kisha akafungua ile chupa. Kifuniko hakikutoa ule mlio wa chupa mpya. Alinusa. Akanusa tena. Yalikuwa maji, maji safi ya bomba la Migosi.

Aligeuka. Metrine alikuwa anasonga ugali kana kwamba umemkosea.

"Mama Jentrix."

"Magoti yangu yaliniuma, Baba Jentrix. Wakati ule wa mvua."

"Ulikuwa unapaka?"

Mwiko ulizunguka mara mbili. "Mwanzoni nilipaka."

Walubengo hakuwa na nafasi ya kugomba. Sebuleni Mzee Oketch alikuwa tayari anauliza kama jini linachimbwa kisimani. Basi alipima yale maji kwa makini yaleyale ya hotelini, akaongeza limau na sukari, akatikisa mpaka mlio ukabadilika, akamimina, akamalizia na soda. Akaweka kipande cha limau ukingoni mwa gilasi, akainama kidogo, akamkabidhi mgeni.

Mzee Oketch alikunywa nusu kwa mkupuo. Alifumba macho.

"Ber ahinya!" alinguruma. "Nzuri kabisa! Hii inapanda polepole kama mwizi."

Gilasi ya tatu ilipokwisha, alikuwa amefungua vifungo vya shati na anamwita Walubengo ndugu yake wa tumbo moja. Ya tano ilimpa wimbo. Yale mazungumzo magumu ya mahari ambayo Walubengo aliyaogopa wiki nzima yalimalizika kabla kuku hajaiva, na mgeni alikubali kila kitu, hata yale ambayo hakuna aliyemwomba. Aliondoka ameshikwa mkono na mkewe, akiomba radhi kwa kuyumba.

Jikoni palibaki kiasi kidogo ndani ya mkebe. Kwa mara ya kwanza maishani, Walubengo alionja kazi ya mikono yake. Ilikuwa na utamu, ukali wa limau, na mbuta kwa mbali. Alimpa Metrine, naye akanywa, akatafakari.

"Imepungukiwa na kitu," alisema.

"Na wewe umejuaje?"

Metrine alichukua sahani akaenda kuziosha.

Harusi ilifanyika Desemba, na Mzee Oketch hakutaka kusikia kinywaji kingine. Walubengo alitengeneza ndoo nzima, kwa maji yaleyale ya bomba. Mchungaji alikunywa gilasi mbili mbele ya waumini wote, akaisifu sharubati hiyo na kusema ndiyo inayofaa nyumba ya Kikristo. Meza ya pili, Mzee Oketch alishindwa kusimama kutoa hotuba, wapwa zake wawili wakamshika makwapani. Mchungaji na mzee, kila mmoja alimwita Walubengo amshukuru. Naye akapita katikati yao na kitambaa chake mkononi, akiwaongezea wote wawili, bila kumsahihisha yeyote.