Sakafu Iliponyamaza

Jana fundi baiskeli wa mtaani alianika mipira ya ndani juani, na harufu yake ikanisimamisha njiani kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Nilikuwa darasa la kwanza, na mama alikuwa amekufa msimu wa mvua uliotangulia. Tulibaki wawili, mimi na baba, katika mtaa wa wafanyakazi wa reli hapa Kamina. Baba alikuwa na gramafoni ya umeme na bafle, yaani sanduku la sauti alilolitengeneza mwenyewe, lililonifika kifuani. Aliliweka chini, juu ya saruji. Jumapili baada ya misa wanaume walikuja kusikiliza, nami nikatumwa chumbani. Haikuniuma. Nilijilaza kifudifudi, shavu na tumbo kwenye saruji baridi, na nyuzi nzito za gitaa zikapita chini ya ukuta zikaniingia mwilini. Hivyo ndivyo sauti ya mama ilivyoniingia aliponibeba mgongoni akiongea na majirani: maneno sikuyashika, ila mgongo wake ulinguruma, nami nikasinzia. Alinibeba mpaka nikawa mkubwa wa kuchekwa.

Shida ni kwamba sanduku lilitikisa pia vikombe kabatini. Jirani yetu mmoja, mtu wa utani, akasema:

"Baba Ngoie, bafle yako iko na kifua. Uipeleke ku lopitali."

Wote wakacheka. Baba hakupenda kazi ya mikono yake ichekwe. Kesho yake alikata mpira wa baiskeli vipande vya duara, akaviweka chini ya kila pembe ya sanduku ili lisiguse sakafu. Vikombe vikatulia. Gitaa likatoka safi, kila uzi peke yake. Chumbani kwangu saruji ikawa saruji tu.

"Sasa inatoka muzuri, Ngoie. Unasikia?"

"Hapana, baba. Shisikie tena."

Akaongeza sauti. "Na sasa?"

"Shisikie."

Kwetu neno ni hilo moja: unasikia wimbo, unasikia baridi, unasikia njaa. Mimi nilisema la mwili, yeye akalipokea la masikio. Kumweleza habari za mgongo wa mama sikuthubutu; nyumbani jina lake lilikuwa halitajwi. Basi akanipeleka zahanati. Muuguzi akashika saa nyuma ya kichwa changu, akaniuliza kama naisikia, nikakubali.

"Masikio iko mazima, baba. Pengine kichwa njo inakatala kusikia."

Baba alicheka kwa adabu, lakini njia nzima alinishika mkono kwa nguvu mno.

Nilingoja aiondoe ile mipira. Hakuiondoa. Kila Jumapili nilijilaza palepale, nikainuka na alama za saruji shavuni, bila kitu.

Alasiri moja nilirudi kutoka shuleni mapema, nikamkuta sebuleni peke yake. Ameketi chini, mgongo ameuegemeza kwenye sanduku, macho amefumba. Sauti aliiweka ndogo hivi kwamba pale mlangoni wimbo sikuutambua. Nikadhani kazi ya karakana ya reli imemchosha. Nikarudi uani kimyakimya, nikakaa huko mpaka muziki ukaisha.

Nimekuja kuelewa ukubwani, kama huu wangu ni ukubwa. Mtu haegemei sanduku la sauti ili apate kusikiliza wimbo. Naye alikuwa akimtafuta mama. Lile sanduku lilikuwa pana. Mgongo wangu ungetosha kando ya wake.