Ushindi wa Walioshiba

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimeacha ualimu wa hesabu serikalini, nikateremka Mbinga kwenye lori la mizigo nikiwa na begi moja, nikaelekezwa nyuma ya ghala la zamani la kahawa. Nilikuta chumba kimoja, kompyuta tatu zilizokwisha kutumiwa na watu wengine huko zilikotoka, na jenereta nje iliyonguruma hata watu wakawa wanazungumza kwa kupiga kelele. Mkurugenzi aliitazama ile tai, akatabasamu, kisha akaniuliza swali nililolihangaikia miaka yote iliyofuata.

"Mwalimu, mtu akicheza mchezo wetu, atajuaje kwamba ameshinda?"

"Atakuwa amewapiga wenzake wote," nikajibu.

"Hiyo kila mtu anaijua. Nimekuajiri unitafutie nyingine."

Vijana wengi hawaamini nikiwaambia kwamba mimi, mtoto wa Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa, niliyekulia kwenye nyavu na mihogo, nilikula mshahara kwa kubuni namna ya kushinda kwenye mchezo wa kompyuta. Lakini ilikuwa miaka ya soko huria, na kila mtu alikuwa anajaribu kitu. Mkurugenzi mwenyewe alitajirika pale wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa kwa wakulima. Kahawa ilipomchosha akanunua kompyuta, akaamua kutengeneza mchezo wa historia ya kwetu auuze kwenye shule na vibanda vya michezo. Wenzake walimwona amechanganyikiwa. Mimi nilimwona ana akili kuliko wote, na hata leo sijabadili sana mawazo.

Mchezo ulikuwa hivi. Unapewa ukoo mmoja katika milima ya Umatengo, zama zile Wangoni walipokuwa wakija na vita na watu wakakimbilia miinuko na mapango. Unacheza kwa zamu, na kila zamu ni msimu mmoja wa kilimo. Ramani imegawanywa katika miraba, na kila mraba una mlima, mto, pango au shamba. Kazi yangu ilikuwa kuandika masharti ya ushindi, yaani lile jambo ambalo mashine inalikagua kila zamu inapokwisha. Likitimia, tarumbeta inalia na mchezaji ameshinda. Mchezo usio na sharti ni sawa na kutembea tu mlimani bila kujua unakwenda wapi.

Sikuwa najua kompyuta. Aliyejua ni Mtaalamu, mama mmoja mkavu wa maneno kutoka Songea, ambaye ndiye aliyeandika programu yote peke yake. Mimi nilicheza kwanza mezani, kwenye karatasi kubwa niliyoipiga mistari. Punje za mahindi zilikuwa watu, maharage yalikuwa chakula, vipande vya mkaa vilikuwa maadui. Nikicheza mara thelathini na njia ikakubali, ndipo nampa Mtaalamu aiandike. Mpaka mwisho wa mwaka nilikuwa na njia tatu za kushinda: ya vita, ukiteka vilima vinne, ya biashara, ukimiliki chumvi na majembe, na ya kilimo, ukichimba ngolo za kutosha. Ngolo ni yale mashimo ya Wamatengo yanayopangwa kwenye miteremko mikali, udongo usichukuliwe na mvua.

Mtaalamu alipoitazama njia ya ngolo alicheka, jambo alilolifanya kwa nadra.

"Mwalimu, umechora shamba la mihogo la Chiwanda. Nenda kamwone Mzee Kasiani kabla hujatuaibisha."

Mzee Kasiani alikuwa mkulima wa kahawa, anakaa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini. Alikuwa mfupi, mbishi, anavuta ugoro na kupiga chafya katikati ya sentensi za watu wengine. Nilimkuta uani Jumapili baada ya misa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kompyuta? Wa ziwani, nasikia."

"Ndiyo, Mzee, wa Chiwanda."

"Basi leo utakula chakula. Kule kwenu mnalamba samaki mnasema mmeshiba."

Nikamweleza ngolo zangu zinavyochimbwa na mfanyakazi mmoja kwa zamu moja. Alicheka mpaka machozi. Akanieleza kwamba mwanamume anafyeka majani na kuyalaza yakakatana miraba. Mwanamke ndiye anayechimba katikati na kuyafunika kwa udongo, akapanda maharage. Mahindi yanafuata baadaye, majani yakishaoza. "Mtu mmoja hana ngolo," akasema. "Ana shimo."

Kisha vyakula vikaletwa. Pale kwake bado waliendeleza sengu, desturi ambayo kwingine ilikuwa imekwisha: wanaume wa ukoo wanakula pamoja kwa mkubwa wao, kila nyumba inaleta sahani yake, na mambo ya ukoo yanazungumzwa hapo hapo. Nyumba moja ilileta ugali na maharage mengi, nyingine ilileta mboga kiganja kimoja. Vyote viliwekwa katikati na hakuna aliyegeuza shingo kutazama nani kaleta nini. Kando ya Mzee alikaa kaka yake mkubwa, kipofu, hana mke wala shamba, na ndiye aliyenawishwa wa kwanza.

Nilirudi Jumapili nyingi. Nilikuwa na daftari, naye alipenda kuandikwa. Alinieleza mapango, walivyozima moto, walivyowanyamazisha watoto. Nikamuuliza: chakula kilipopungua pangoni, waligawanaje? Maana hilo ndilo nililolitaka kwa ajili ya njia ya nne.

"Hilo babu yangu alinifundisha," akasema. "Nami nitakufundisha, lakini si leo. Kwanza jifunze kula hapa."

Sikungoja. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, na lilikuwa kosa la mwalimu wa hesabu. Mashine haijui desturi, inajua kuhesabu, nami nikatafuta cha kuhesabu. Nikaandika: *kila mtu wa ukoo akila akashiba misimu mitatu mfululizo, mchezaji ameshinda.* Nikaiita njia ya sengu. Mkurugenzi aliposikia alinishika bega mbele ya watu wote.

"Hii ndiyo nilikuwa naitafuta. Mtu anashinda bila kumpiga mtu!"

Nilivimba kichwa, nisifiche.

Mchezo ulipokaribia kutoka, nilipelekwa Mbamba Bay wiki mbili kwa ajili ya majaribio. Majaribio ni kuwapa watu mchezo waucheze hadi wauvunje. Tuliweka kompyuta mbili kwenye darasa la sekondari, mimi nikakaa nyuma na daftari, upepo wa ziwa ukiingia dirishani na kunikumbusha nyumbani. Siku ya tatu msichana mmoja wa kidato cha pili alishinda njia ya sengu kabla wenzake hawajafika hata nusu. Nikadhani mashine imekosea. Nikamwomba anionyeshe.

"Rahisi, Mwalimu. Nimewahamisha wasiolima."

Katika mchezo kulikuwa na amri ya kuhamisha. Niliiweka ili familia ikizidi kuwa kubwa iende kuanzisha kilima kipya. Yeye aliwachagua wazee, vipofu na wajane, akawahamishia nje ya ramani. Waliotoka hawakuhesabiwa tena kuwa wa ukoo. Waliobaki walikuwa wachache na chakula kikawatosha. Sharti langu likatimia, tarumbeta ikalia, na kwenye kioo yakatokea maneno niliyoyaandika mwenyewe: *Ukoo wako umeshiba.*

Kitu kama hicho sisi tuliita mwanya, na mwanya si ajabu katika kazi ile. Unazibwa. Nilimpigia simu Mtaalamu kutoka posta, akanisikiliza, akasema, "Aliyehamishwa ahesabiwe ana njaa mpaka apate shamba. Ni mstari mmoja. Sema tu niandike, lakini ujue tutaanza majaribio yote upya."

Nilipanda Mbinga siku hiyo hiyo kwa basi dogo, nikiwa nimejipanga kusema. Mkurugenzi alikuwa kwenye furaha. Nakala za mchezo zilikuwa zinaondoka Jumamosi.

"Nilipokuwa nanunua kahawa, Mwalimu," akaniambia, "aliyefika kijijini kwanza ndiye mnunuzi. Wa pili ni mgeni tu. Na nimeamua wewe uwe Mkuu wa Ubunifu. Haya, Mbamba Bay kuna tatizo?"

Nikamjibu, "Hakuna kubwa."

Maneno mawili. Nimeyarudia kichwani mara nyingi nikitafuta mtu mwingine wa kumlaumu: soko huria, haraka ya tajiri, ujana wangu. Mkurugenzi hakunilazimisha. Aliniuliza, na nadhani ningesema kweli angenung'unika kisha akangoja. Mimi ndiye niliyekitaka kile cheo.

Uzinduzi ulifanyika kwenye shule moja kule Kigonsera. Kompyuta iliunganishwa na televisheni kubwa, wanafunzi wakajaa hadi madirishani. Mzee Kasiani alialikwa kama mgeni wa heshima, akaja na koti lake la Pasaka, akakalishwa mstari wa mbele. Mkurugenzi alimtambulisha kuwa ndiye chimbuko la njia ya sengu, watu wakapiga makofi, naye akainuka na kupunga mkono kama mheshimiwa. Kisha mwanafunzi mmoja akaitwa acheze.

Sijui alielezwa na nani, lakini alikuwa anaujua mwanya. Mzee katika mchezo wetu alichorwa akiwa na mkongojo, na fimbo hiyo ilionekana vizuri sana kwenye ile televisheni. Yule mwanafunzi akamgusa mzee wa kwanza, akahamisha. Wa pili, akahamisha. Watoto wakaanza kushangilia kila anapotoka mmoja. Tarumbeta ikalia.

Mzee Kasiani aliniita kwa kidole. Nikachuchumaa karibu yake.

"Mwalimu, yule mwenye fimbo amekwenda wapi?"

"Hakwenda mahali, Mzee. Amefutwa."

"Na hiyo ndiyo sengu?"

Mzee akaitikia mwenyewe kwa kichwa polepole, akakaa hadi mwisho, akala chakula cha wageni na kushukuru kila mtu kwa jina lake. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza, ningejua pa kuanzia.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwake kuomba radhi. Nilimweleza yote, hata cheo. Alisema amesamehe, na aliposema alimaanisha, maana alininawisha mwenyewe. Lakini nilipotoa daftari alilisukuma kando kwa upole. "Kula, mwanangu. Hilo liache." Nilikwenda tena na tena. Nilipewa nyama, nilipewa nafasi karibu na yule kaka yake kipofu, nilitaniwa kuhusu samaki kama zamani. Habari za mapango hakuzitaja tena, si kwangu wala kwa wajukuu wake. Nadhani aliona kwamba jambo likitoka kinywani hujui litageuzwa kuwa nini. Akafa nalo.

Mwanya ulikuja kuzibwa kwenye toleo la pili, lakini toleo la pili halikununuliwa sana. Watu walilizoea la kwanza. Mimi nilipelekwa Songea kuongoza watu watatu, tukatengeneza michezo mingine ya vita na biashara, kisha simu za mkononi zikaja, kampuni ikafungwa kimyakimya, nikamalizia miaka yangu nikifundisha tena hesabu. Sasa nimestaafu, niko Chiwanda, nalima mihogo. Mkiniuliza kazi ile inataka nini, nitasema inataka mtu anayejua kwamba kila anachokihesabu, wachezaji watakitafuta, na kile alichokisahau watakikanyaga. Hilo nililijua kabla ya Jumamosi ile. Ujuzi haukunipungukia, na ndiyo maana majuto hayaniishi.

Mwaka jana Festo, mjukuu wa Mzee Kasiani, alinialika shuleni kwake Mbinga nizungumze na wanafunzi. Ni mwalimu wa historia, mtu mwema, ana pua ya babu yake. Aliwaambia darasa zima, "Huyu ndiye aliyekaa na babu yangu na kuandika habari zetu." Wakanipigia makofi. Ubaoni alikuwa ameandika namna Wamatengo walivyoishi wakati wa vita. Ya kwanza, mapango. Ya pili, ngolo. Ya tatu, kuwaondoa wazee na wasiojiweza ili chakula kiwatoshe waliobaki.

Nilisubiri wakati wanafunzi wakinakili, nikamvuta Festo kando ya mlango.

"Mwanangu, hiyo ya tatu si kweli. Futa."

"Si ipo kwenye mchezo, Mwalimu? Mimi niliucheza utotoni."

"Ni kosa langu. Nilikosea sharti. Babu yako hakuniambia hivyo."

"Alikuambiaje?"

Hilo hakuwahi kuniambia.

Festo alinishika mkono kwa heshima, kama mnavyowashika wazee walioanza kusahau. "Mwalimu, sisi wajukuu hatukumsikia hata siku moja akieleza mambo ya pangoni. Wewe ndiye uliyekaa naye ukaandika. Tukuamini wewe wa wakati ule au wewe wa leo?"

Nyuma yake wanafunzi walikuwa wamefika kwenye ya tatu, wanaandika.